Tutagombana Nchi Kavu

Friji zilianza kutembea zenyewe. Zilikuwa zimefungwa kamba katikati ya sitaha, zimefunikwa turubai, na tangu bandarini Fundi alikuwa akienda kuzikagua kila mara utadhani ana wagonjwa wodini. Wimbi kubwa lilipoipiga meli ubavuni, kamba ikakatika kwa mlio mkavu. Friji ya mbele ikateleza, ikaisukuma ya nyuma yake, na zote kwa pamoja zikakimbilia upande mmoja. Meli ikalala na haikuinuka tena.

Ilikuwa meli ndogo ya mizigo, chuma kilichopakwa rangi juu ya kutu. Nahodha wake, mwanamke wa makamo aliyezoea kushindana kwa sauti na injini, alikuwa peke yake siku hiyo. Msaidizi wake aliamka anaumwa, naye akajisemea kwamba safari ya mchana mmoja haina haja ya watu wengi. Abiria walikuwa wawili, mtu na shemeji yake. Mmoja alikuwa fundi friji, akipeleka mashine alizozifufua kwa wenyewe. Mwingine alikuwa kinyozi, na yeye alikuwa anakwenda kukutana na watu wenye wazimu kama wake, yaani wakusanyaji wa visu vya kukunja.

Wazimu huo ulikuwa wa miaka mingi. Nyuma ya kioo cha kinyozini kwake kulikuwa na kabati, na ndani yake visu vimelazwa juu ya kitambaa cheusi. Kila Jumapili alivitoa kimoja kimoja, akavifungua, akavidondoshea tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, akavifuta na kuvirudisha. Havikuwahi kukata hata kamba ya mzigo. Fundi, aliyekuwa na mdomo mrefu kwa shemeji yake kama ilivyo haki ya mashemeji, alipenda kumwuliza mbele ya wateja: "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wewe shemeji mbona tunakuona na maharage tu?"

Asubuhi ya safari, mke wa Kinyozi aliwasindikiza hadi mlangoni. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, na wazazi wao wote wawili walikuwa wameshazikwa. Alimrekebisha mdogo wake kola, kisha akamgeukia mumewe.

"Ndugu yangu ni huyu mmoja," alisema. "Mnaondoka wawili. Nirudishieni wawili."

"Tunaenda kupeleka friji, hatuendi vitani," Kinyozi akamjibu.

Sasa maji yalikuwa yakiingia kwenye chumba cha usukani, na Nahodha alikuwa anapiga teke mtungi mweupe wenye boti la mpira ndani yake. "Kinyozi," aliita, "dumu la maji. Lipo hapo mlangoni. Lete."

Dumu lilikuwepo kweli. Pembeni yake ulikuwepo mkoba wa visu, aliouweka hapo mwenyewe ili usilowe. Mkono wake mmoja ulishika nguzo, kwa sababu bila nguzo hakuna aliyeweza kusimama. Mkono uliobaki ulikuwa mmoja. Kinyozi aliangalia dumu, akaangalia mkoba. Hakufikiri. Ukimwuliza leo atakuambia hivyo hivyo, kwamba hakufikiri, na labda hilo ndilo baya zaidi. Aliinua mkoba.

Boti la mpira lilifumuka kwa mlio wa nyoka, maduara mawili ya hewa yaliyolaliana, sakafu nyembamba katikati na paa la kitambaa cha rangi ya chungwa. Waliruka mmoja mmoja. Boti lilikuwa bado limefungwa kwenye meli kwa kamba, na meli ilikuwa inakwenda chini.

"Kata," alisema Nahodha. "Kuna kisu kwenye mfuko pale mlangoni."

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko. Ulikuwa mtupu.

Nahodha alifumba macho kidogo. "Nilikichukua mimi," alisema. "Kumenyea vitunguu."

Kinyozi alikuwa na kisu mfukoni, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, mpini wa pembe nyeusi na chuma kilichopigwa kwa nyundo. Springi yake ilikuwa ngumu. Kilifunguliwa kwa kuingiza ukucha kwenye mfuo mdogo ubavuni mwa bapa, na kucha za kinyozi hukatwa hadi kwenye nyama. Aliparua na kuparua kwa vidole vilivyolowa. Kamba ilikuwa imekaza, ukingo wa boti umeanza kuzama, na kile kisu kikabaki kimejifunga kama chaza. Fundi alitoa chake mfukoni, kijisu cha plastiki cha kuchunia nyaya, akakifungua kwa meno na kukata. Kamba ikafyatuka, kijisu nacho kikaruka baharini, na meli ikaondoka chini yao pamoja na friji zake.

Walitapika kwa muda mrefu.

"Shemeji," Fundi alisema hatimaye, "visu vyote hivyo, na tumeokolewa na kisu cha waya."

Nahodha hakucheka. Alikuwa ameuona mkoba mapajani mwa Kinyozi. "Dumu liko wapi?"

"Sikulifikia," alisema Kinyozi.

Nahodha akautazama mkoba tena, akaanza kuhesabu vipakiti vya maji vilivyokuja na boti. Vilikuwa vichache. Alivirudisha mfukoni bila kusema ni vingapi.

"Hivyo visu vitoke," alisema. "Hapa tumekalia hewa. Baki na kimoja, chenye ncha butu. Vingine tupa."

Basi ndipo Kinyozi akachagua. Watu husema kuchagua ni raha, lakini alivyofungua ule mkoba utadhani anafunua maiti. Fundi alikaa mlangoni mwa paa, na Kinyozi akawa anampa kimoja kimoja atupe. Kilikwenda chenye pete ya kuzungusha, alichokitafuta miaka mitatu. Kikaenda chenye bapa lililopinda, cha kupandikizia miche, na kile chembamba cha kuchongea kalamu ambacho hakijawahi kumwona mwenzake sokoni. Kikaenda cha pembe nyeusi, ambacho Kinyozi alikibusu kwanza na wala hakuona aibu. Mwisho akashika kisu kidogo chenye mpini wa mfupa uliogeuka njano kwa uzee. Hiki alipewa na mkwe wake, baba yao mke wake na Fundi, na ndicho kilichoanzisha kabati zima. Springi yake ilikuwa imelegea siku nyingi. Kilifunguka kwa kutikiswa tu. Alikishika kwa muda, kisha akakitia kiganjani mwa Fundi na kugeuza uso.

Alisikia kitu kikidondoka majini. Kilichobaki ni kimoja, kisu kinene cha mabaharia, ncha yake imekatwa mraba, mpini wa mpira mweusi. Alikipata kwenye kapu la takataka za fundi baiskeli na hakuwahi kukiweka mbele kwenye kabati. Kilifunguka kwa kidole gumba, kikajifunga kwa loki. Nahodha alikijaribu, akakifunga kamba shingoni mwake.

"Hiki kina akili," alisema.

Dhoruba ilipita, ikaja hali mbaya kuliko dhoruba, yaani jua. Hapakuwa na kisiwa wala ndege. Nahodha aligawa maji kwa kifuniko cha chupa, asubuhi na jioni, akiwa amewageuzia mgongo ili wasione kilichobaki. Midomo ilipasuka. Chumvi ilikausha nguo zikawa kama msasa, na kila mtu akapata vidonda pale alipokalia. Samaki mmoja aliyejigonga chini ya boti walimvuta ndani kwa mikono. Nahodha alimkata kwa kile kisu cha ncha butu juu ya ubao uliokuwa kitako cha mkoba wa visu, wakamla akiwa bado anatikisika. Walinyonya macho yake kwa ajili ya maji. Fundi alisema maisha yake yote amehifadhi samaki wa watu kwenye baridi na sasa anakula wa moto. Ulikuwa utani wake wa mwisho kwa kitambo kirefu.

Meli moja ilipita mbali, ikiwa na taa zake na watu wake waliokuwa wanakula. Waliwasha fataki ya ishara, ikapanda, ikafa. Meli haikugeuka. Baada ya hapo waliacha kuzungumza habari za nani atakuja.

Alfajiri moja Kinyozi aliamshwa na mlio. Alidhani ni mtu anapiga mluzi kwa mbali. Kisha akahisi maji mgongoni, na upande wa Fundi ukawa umeshuka.

"Hewa inatoka," alisema Nahodha. Alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa. "Ondoka hapo, Fundi. Sogea."

Fundi hakusogea. Alikuwa ameshika paja kwa mikono yote miwili, na kati ya vidole vyake damu ilikuwa inatoka nyeusi katika mwanga ule mdogo. Chini yake, bapa likiwa wazi, kilikuwa kisu chenye mpini wa mfupa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekifunga kiunoni, ndani ya shati, tangu siku ile ya kwanza. Alichodondosha majini kilikuwa betri ya tochi. Alipogeuka usingizini springi ile ya kizee ikaachia, bapa likatoka, likapita pajani mwake, likapenya pale sakafu inapoungana na ukingo na kutoboa duara la chini la boti kwa chini.

Kinyozi alipandwa na hasira ambayo hakujua kama bado ana nguvu ya kuwa nayo. "Umetuua," alisema. "Nilikupa ukitupe. Umetuua, shemeji."

Fundi alifungua mdomo. Nahodha ndiye aliyesema.

"Tutagombana nchi kavu," alisema. "Sasa mmoja ashike hapa na mwingine afunge hiyo damu."

Tundu lilikuwa chini, upande wa nje, mahali ambapo mkono kutoka ndani haukufika vizuri. Gundi ya viraka ilitaka pakavu, na pakavu hapakuwepo katika dunia yao yote. Fundi asingeweza kuingia majini na damu ile. Kinyozi hakujua kuogelea; alikuwa mtu wa vioo na mikasi. Nahodha alivua koti, akajifunga kamba kiunoni, akampa Kinyozi ncha nyingine.

"Nataka kitu cha kuziba," alisema akiwa tayari yumo majini, mikono ukingoni. "Kinene huku, chembamba huku."

Walijaribu kizibo cha chupa, kikazama ndani. Walijaribu kitambaa kitupu, hewa ikakitema. Nahodha alipumua kwa nguvu, akatazama ndani ya boti, akanyoosha mkono.

"Nipeni hicho hicho."

Kinyozi alikifunga kisu cha mkwe wake, akakizungushia uzi mara nyingi kisijifungue tena, akakivisha kipande cha shati alichokikata kwa kisu cha ncha butu. Mpini ule ulikuwa mpana kichwani na mwembamba mkiani. Nahodha alizama nao. Kamba ilitikisika mikononi mwa Kinyozi, ikatulia, ikatikisika. Mluzi ukafifia, ukawa pumzi ndogo. Alipoibuka alikuwa na rangi ya majivu.

"Kinashika," alisema. "Pigeni pampu."

Kilishika nusu siku. Bahari ilipochafuka kikalegea, naye akaingia tena. Ikawa ndiyo kazi yake. Kila mara alipotoka alitetemeka muda mrefu kuliko mara iliyotangulia, na upepo wa usiku ulimkuta hajakauka. Alianza kukohoa. Kinyozi alimsugua mgongo kwa viganja vyake vilivyochubuka na kumwambia apumzike, ingawa wote watatu walijua akipumzika watazama.

Pampu ilikuwa ya mkono, ndogo kama ya mpira wa miguu. Walipokezana. Fundi alipiga pampu akiwa amelala, mguu umevimba hadi suruali ikabidi ikatwe. Kinyozi aliosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga upya kwa vitambaa vya paa. Alikuwa amefunga mikwaruzo mingi ya wembe maishani mwake, lakini hiki kilikuwa kinanuka, na hakumwambia mwenye mguu.

Ilikuwa katika mapokezano hayo, Nahodha amejikunja pembeni anakohoa, ndipo Fundi alisema bila kuulizwa: "Kilikuwa cha baba yangu."

Kinyozi akaendelea kupiga pampu.

"Baba yangu mimi," Fundi akarudia. "Kila siku nikija kinyozini nakiona kwenye kioo chako. Mtoto wa kiume niko mmoja. Kwa nini alikupa wewe?"

"Huko ndiko ulikokuwa unaumia siku zote hizo? Na utani wote ule?"

"Nijibu tu, shemeji."

Kinyozi aliacha pampu. "Unakumbuka kidole cha mzee? Kile kisichokunjika?"

"Mashine ilimkata kazini."

"Alisema hivyo kwa aibu. Ni hicho kisu. Kilimfungia kidole kikakata mshipa, akiwa anamenya chungwa. Siku aliyonipa aliniambia, 'Mwanangu nikimpa atakitumia, kitamkata kama kilivyonikata mimi. Wewe utakiweka tu.'" Alishika pampu tena. "Sikutaka kukuambia kwamba baba yako aliona mimi si mtu wa kutumia kitu. Hata mimi iliniuma kidogo."

Fundi aliangalia mguu wake. Kisha akaanza kulia, bila machozi, kwa sababu mwili haukuwa na maji ya kutoa. Alilia kwa mabega tu. Kinyozi alipiga pampu na kumwacha alie, ingawa naye alikuwa na jambo lake ambalo lilikuwa halijasemwa.

"Dumu nililifikia," alisema. "Lilikuwa hapa na mkoba hapa."

"Nilikuona," alisema Fundi.

"Lini?"

"Palepale. Uliangalia vyote viwili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Maji yangekuja?"

Kutoka pembeni, sauti ya Nahodha ikaja, nyembamba sasa, imepoteza injini yake. "Hilo nalo nchi kavu," alisema.

Waliposhtuka kwamba alikuwa macho, aliwaita wasogee. Aliwaambia mume wake ni fundi viatu, ana kibanda chini ya nyumba yao, mlango wa kijani. Hakuwaambia wampelekee salamu. Aliwaambia tu kwamba huyo bwana hapendi kuambiwa nusu ya jambo. Mteja akisema kiatu kimechanika kidogo, yeye husema weka hapa nione chote. Kisha akavua kisu cha ncha butu shingoni na kumvisha Kinyozi.

Bahari ilichafuka tena mchana ule. Kisu kikalegea. Nahodha alijifunga kamba.

"Usiende," alisema Kinyozi. "Nitakwenda mimi."

"Hujui kuogelea."

"Nitashikilia."

"Na ukiachia nitakuvuta kwa nguvu ipi?" Aliteremka taratibu, mguu mmoja halafu mwingine, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi ya kuoga. Alizama, akaibuka, akazama. Mluzi ulinyamaza. Kamba ikatulia, na Kinyozi akangoja itikisike.

Walimvuta kwa pamoja, mmoja kwa nguvu za mikono, mwingine amelala kwa tumbo juu ya mguu wake mbovu. Walipomfikisha ndani alipumua mara kadhaa, macho yake yakiwa kwenye paa la chungwa, kisha hakupumua. Mkono wake wa kulia ulibaki umekunjwa vile ulivyokishika kisu.

Hawakumtupa baharini. Hawakulizungumza hata. Walimlaza katikati, wakamfunika koti lake, wakapiga pampu juu yake kwa zamu, na kisu alichokiingiza yeye mara ya mwisho hakikulegea tena.

Fundi alipandwa na homa. Alizungumza na wateja, akawaambia gesi imekwisha. Wakati mmoja akili ilimrudia, akasema kwa utulivu kwamba watu wawili wakipungua wakabaki mmoja, maji yatatosha, na akaanza kujiburuta kuelekea mlangoni. Kinyozi alimkamata kwa mkanda wa suruali.

"Niachie, shemeji. Yule mama angekuwa hai."

"Dada yako alisema wawili."

"Utamwambia nilikufa kwa homa."

"Mimi si mwongo mzuri. Uliniona na dumu." Kinyozi alikata kamba ya paa kwa kisu cha ncha butu, akamfunga Fundi mkono kwa mkono wake mwenyewe, mafundo ya mtu asiyejua mafundo. "Ukienda tunakwenda wote. Halafu dada yako atakuja kutugombeza huko huko."

Kipakiti cha mwisho cha maji walikipasua, wakakilamba ndani. Kinyozi alipiga pampu hadi mikono ikaacha kuwa yake. Hakuwa na tumaini lolote, na wala hakujidanganya. Alipiga pampu kwa sababu lilikuwa jambo lililo mbele yake, na kwa sababu kila aliposimama alisikia pumzi ya lile tundu.

Meli iliyowaokoa haikuwa inawatafuta. Ilikuwa imepotoka njia yake kukwepa upepo, na baharia mmoja aliyetoka kumwaga takataka akaona kitambaa cha chungwa. Kinyozi alipoona boti dogo likija alidhani ni homa imemwingia na yeye. Mabaharia walimpandisha Fundi kwanza, kisha Nahodha, ambaye walimbeba kwa heshima ile ile ya mtu aliye hai. Kinyozi alikuwa wa mwisho kubaki.

"Hili boti tunalizamisha," baharia aliyelishika ukingo alisema. "Tukiliacha linaelea, watu wengine wataliona wapoteze siku kuwatafuta nyinyi. Una kitu cha kulipasulia?"

Kinyozi alishika kisu shingoni, akakiachia. Aliinama nje ya ukingo, akanyoosha mkono majini hadi begani, akashika kichwa cha mpini wa mfupa na kuvuta. Kiliganda kwanza, kisha kikatoka. Hewa iliyokuwa imewalaza na kuwaamsha muda wote ule ikaondoka kwa mluzi mrefu, na boti likajikunja na kwenda chini.

Mke wa Kinyozi aliwapokea mlangoni pale pale alipowaagia. Alikuwa amejiapiza asilie, akalia. Alimshika mdogo wake uso, akaangalia gongo alilotembelea na mguu ambao madaktari walisema hautakunjika tena sawasawa. Alimshika mumewe mikono iliyojaa makovu ya pampu. Aliwalisha, akawaogesha kwa maneno, akawaacha walale. Asubuhi yake, akiwa anamimina chai, aliuliza: "Na yule mama?"

Wakamwambia amefariki. Akauliza vipi, wakaangaliana.

"Mume wake anajua?"

"Anajua kwamba alikufa," alisema Kinyozi. "Barua ya bandari imemfikia."

Mkewe aliliweka birika mezani. "Basi nyinyi bado hamjarudi," alisema.

Kibanda kilikuwa chini ya nyumba ya ghorofa, mlango wa kijani, harufu ya gundi na ngozi ikiwa imetoka hadi barabarani. Viatu vilining'inia ukutani jozi kwa jozi, na mashine ya kushonea ilikuwa imefunikwa gazeti. Fundi viatu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwatambua kabla hawajasema, labda kwa gongo, labda kwa namna walivyosimama mlangoni wakipishana nani aingie.

Kinyozi alikuwa amejiandaa kusema yeye. Njiani alishapanga maneno, laini, yaliyopunguza hapa na pale. Fundi akamtangulia. Alifika mezani, kati ya visigino na misumari, akaweka pale kisu chenye mpini wa mfupa, bado kikiwa na uzi kiliozungushiwa na kutu iliyouma hadi ndani.

"Mkeo alisema tutagombana nchi kavu," alisema. "Nimekuja tugombane."

"Na mimi nina langu," alisema Kinyozi nyuma yake.

Fundi viatu alikichukua kisu. Alikata uzi kwa wembe wake wa kazi, na bapa likatoka lenyewe. Akalirudisha ndani kwa kidole gumba, likatoka tena. Alikigeuza huku na huku kwa muda mrefu, kama wanavyofanya watu wanaojua vyuma, akaona ile springi, akakilaza mezani akiwa amegeuzia makali upande wake.

Kwenye stuli ya wateja palikuwa na viatu vya kike, visigino vifupi, vimeshonwa soli mpya. Aliviinua vyote viwili, akatafuta mahali pa kuviweka, asipaone, akabaki amevishika.

"Kaeni," alisema. "Anza wewe. Nataka kuona chote."